Jibu: Mtihani wa utamilifu na uchaguzi wa tahasusi

Dada, umeuliza kama D ya Fizikia aliyoipata mwanao wa Kidato cha Nne kwenye mtihani wa utamilifu (mock, yaani wa majaribio) inatosha kumwondoa katika tahasusi ya PCB (mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia wa Kidato cha Tano na cha Sita) anayoitamani. Kwa maoni yangu bado ni mapema kuamua hivyo, kwa sababu mtihani huo huonyesha mada zilizolegea wakati nafasi ya kuzirekebisha ingalipo kabla ya mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) wa Novemba. Aombe karatasi yake iliyosahihishwa, arudie kila swali alilokosa akiwa na mwalimu wa somo, kisha ajipime kwa mitihani iliyopita ndani ya muda uleule wa chumba cha mtihani. Nalisisitiza hili kwa kuwa vijana wengi wa hapa Dar es Salaam huhamishwa kutoka tuisheni moja hadi nyingine bila kupata muda wa kuandika majibu wenyewe.

C huanzia alama 45, na Kidato cha Tano huhitaji angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini. Hata hivyo, zungumzeni pia kuhusu vyuo vya kati vya afya na ufundi, na ikiwezekana mpelekeni akaone karakana za chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe, kwani njia hizo zina heshima yake na hazistahili kutajwa nyumbani kama adhabu ya kufeli.