Makro za ClojureScript hutekelezwa kabla ya kivinjari

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kwa nini makro yako (kipande cha programu kinachoandika msimbo mwingine), katika ukurasa wa ratiba ya boti za Unguja na Pemba, inashindwa kusoma saa ya kivinjari, ilhali fankisheni ya kawaida inaisoma bila taabu. Sababu ni kwamba makro ya ClojureScript, yaani lugha ya Clojure inayogeuzwa kuwa JavaScript ya kivinjari, kwa kawaida huandikwa kwa Clojure yenyewe na hutekelezwa ndani ya mashine ya Java wakati kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo, inapoigeuza programu yako kuwa JavaScript, yaani kabla kivinjari chochote hakijafunguliwa. Kwa hiyo (js/Date.), msimbo unaosoma saa ya kivinjari, iweke ndani ya kiolezo kinachoanza na alama ya `, ili makro irudishe msimbo utakaoisoma saa baadaye; ukiiita nje ya kiolezo hicho, Clojure haitaijua.

Faili ya makro iishie na .clj au .cljc, nawe uziite makro hizo kwa agizo la :require-macros. Napendelea faili ya .cljs yenye jina lile lile iziite yenyewe, kwani hapo wengine hutosheka na agizo la kawaida la :require tu. Ila kwa kusoma saa peke yake, nakusihi ubaki na fankisheni.