Yule mzee kimbaombao wa muvi za zamani ni nani?

SWALI: Shikamoo kaka. Kuna mzungu mmoja kimbaombao, mashavu yamebonyea, namwona kwenye muvi kibao za zamani ila stelingi huwa sio yeye. Juzi nimemwona tena kwenye Alien, anamtafuta paka mpaka lile dude likambeba. Anaitwa nani, na mbona hatajwi kabisa? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, umenigusa penyewe maana huyu mzee nampenda sana. Ni Harry Dean Stanton, kazaliwa Kentucky huko Marekani mwaka 1926, vita ya pili ya dunia alikuwa jeshi la majini, kisha miaka ya 50 akaingia kwenye filamu na hakutoka tena, leo kacheza mfungwa, kesho mpelelezi, keshokutwa fundi.

Hiyo Alien ya 1979 rudi uiangalie hapo hapo kwenye paka. Kabla dude halijamshukia anasimama chini ya maji yanayodondoka kutoka juu, anainua uso, anayaacha yamlowanishe taratibu, hasemi kitu. Sisi tumeshajua anakufa, yeye ni fundi tu kachoka, anapata kaubaridi kidogo. Yani ndo maana kifo chake kinauma.

Mbona hatajwi? Oscar hawajawahi hata kumpendekeza. Na sisi tumekua na ile ya stelingi hafi, anayekufa mapema tunamsahau palepale, halafu wengi tumeziona muvi zikiwa zimetafsiriwa na DJ anayejaza kila upenyo kwa maneno, wakati kazi ya Stanton iko kwenye ule ukimya wenyewe, ukiufunika umemfuta.

Ustelingi aliupata akiwa na miaka zaidi ya 55, kwenye Paris, Texas ya mwongozaji Mjerumani Wim Wenders, ikachukua Palme d'Or, ile tuzo kubwa kabisa ya tamasha la filamu la Cannes huko Ufaransa, 1984. Anatokea jangwani na kofia nyekundu na dumu la maji, anamalizia funda la mwisho, anaendelea kutembea, na zaidi ya dakika 20 hatamki neno lakini hutoki kwenye kiti. Mwishoni anampata mkewe, wametenganishwa na kioo, mke hamuoni, wanaongea kwa simu. Jamaa anageuza kiti, anampa kioo mgongo, ndo anaanza kumsimulia maisha yao kama vile anasimulia ya watu wengine, sauti ya chini tu, halii wala hapigi kelele, na mke taratibu anaanza kuelewa anaongea na nani. Mi nimeiona mara nyingi na bado hapo nashindwa kupumua vizuri.

Alifariki Septemba 2017 akiwa na miaka 91, wiki chache baadaye Lucky ikaingia kwenye majumba ya sinema, humo stelingi ni yeye mwanzo mwisho. Ila anza na Paris, Texas, tafuta yenye maandishi chini, na uzime feni kama inapiga kelele.