Begi la mlimani linanata ndani: je, ni uchafu?

Swali: Naongoza wageni Kilimanjaro. Begi langu ni la lita 65, nililinunua mtumba. Nje ni zima kabisa, lakini ndani limeanza kunata, linabanduka vipande vyeupe vinavyoshika kwenye nguo, na linanuka kama matapishi. Nimelifua kwa sabuni ya unga na Jik, nikalianika juani, lakini harufu imerudi. Mwenzangu anasema nilitie kwenye mashine kwa maji ya moto. Huu ni uchafu gani, na unatokaje? – Mwongoza wageni, Moshi

Jibu: Huo si uchafu, ndugu yangu, na ndiyo maana sabuni haikuuweza. Kinachobanduka ni sehemu ya begi lenyewe. Kitambaa cha mabegi ya mlimani, kiwe cha nailoni au poliesta, mara nyingi hupakwa kwa ndani utando mwembamba wa poliyurethani ili mvua isipenye. Utando huo huharibiwa na unyevu, na joto huongeza kasi. Begi likikaa na unyevu muda mrefu, maji hukata minyororo ya molekuli iliyoushikilia utando. Unalainika, unanata, kisha unameguka. Katika kuvunjika huko hutoka tindikali, na hapo ndipo harufu yako inapotoka. Tindikali hiyo nayo huchochea uvunjikaji zaidi, kwa hiyo kazi ikishaanza haisimami yenyewe.

Begi lako huenda lilifika sokoni likiwa limeshaanza. Siku nyingine ukinunua mtumba, usiangalie zipu na mikanda tu. Ligeuze ndani nje, sugua kitambaa kwa kidole gumba hasa kwenye pembe za chini, kisha linuse. Likinata hata kidogo, shusha bei au liache.

Sasa la kufanya. Usilitie kwenye mashine. Mikanda hunasa, sponji za mabega hupinda, na maji ya moto humalizia utando uliobaki. Jik iache kabisa, kwani hula rangi na kudhoofisha nyuzi za nailoni zenyewe. Sabuni ya unga ina alkali, na alkali pia huvunja utando huu.

Kwa kuwa utando wako umeshakufa, njia ya uhakika ni kuuondoa wote. Toa fito za alumini mgongoni, fungua mifuko yote, geuza begi ndani nje. Loweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini ya maji kwa saa chache, halafu sugua kwa brashi laini. Sehemu kubwa itatoka. Panapobaki pananata, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti ya hospitali, ukianza na kona ndogo isiyoonekana uhakikishe rangi haitoki. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko na sigara, ukivaa glavu. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Ni kazi ya kuchosha, lakini utando ukitoka wote, harufu nayo huondoka.

Utaniuliza kuhusu kupaka utando mpya. Zipo dawa za poliyurethani za kupakia mahema na zinafanya kazi. Usichukue ya silikoni, kwani haishiki vizuri juu ya mabaki ya poliyurethani. Ila kwa begi la kazi kama lako, mimi nisingehangaika. Hata begi jipya huvuja kwenye matundu ya sindano na kwenye zipu, kwa hiyo utando peke yake haujawahi kukulindia nguo kwenye mvua ya msituni. Weka vitu vyako ndani ya mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo na kufunga kwa klipu, na juu livishe begi kava ya mvua. Ukifanya hivyo, begi lisilo na utando litakutumikia miaka.

Kukausha ndiko kunakoamua umri wa begi, kuliko sabuni yoyote. Litundike kichwa chini, zipu zote wazi, kivulini penye upepo. Kitambaa kitakauka mapema na kukudanganya, kwa sababu sponji za mabega na mkanda wa kiunoni hubaki na maji ndani. Zibonyeze kwa nguvu. Ukihisi ubaridi, bado. Wakati wa masika inaweza kuchukua siku kadhaa. Usilisogeze motoni, wala usilianike juani kutwa. Miale ya jua huchosha nailoni, na huko juu inazidi: mionzi ya urujuanimno huongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo begi lako tayari linapata jua la kutosha kazini.

Kufua begi zima si kazi ya kila safari. Ukishuka kutoka mlimani, kung'uta vumbi, kisha pangusa mikanda kwa sponji na maji safi. Jasho huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani, ndiyo sababu mikanda mingine haikauki kamwe. Halafu litundike. Usilifungie kwenye stoo yenye bati bila dari, maana joto la mchana na unyevu wa usiku ndivyo vinavyoua utando. Usiliweke karibu na betri ya gari pia, kwani tindikali yake hukata nailoni bila wewe kuona dalili mapema.

Kuhusu zipu hukuniuliza, lakini vumbi laini la jangwa lile kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi huzila kuliko kitu kingine. Zisugue kwa mswaki mkavu, kisha kwa maji, na zikikauka pitisha mshumaa kwenye meno. Usipake mafuta, yatakusanya vumbi zaidi. Zipu inayojifunga kisha ikaachia nyuma haijafa. Kilicholika ni kichwa chake. Bana pande zake mbili kidogo sana kwa plaizi, ukijaribu kila mara. Ikishindikana, angalia namba iliyo nyuma ya kichwa, mara nyingi 5, 8 au 10, umpelekee fundi mabegi. Kubadilisha kichwa ni nafuu kuliko kung'oa zipu nzima, na mara nyingi hakuhitaji kushona upya zaidi ya ncha moja.