Kabla ya Kumgombeza Mtoto kwa Sababu ya Rangi

Mpwa wangu alikuja kujifunza ushonaji kwenye kibanda changu hapa Ngara mara tu alipomaliza shule. Ana mkono mwepesi na mshono wake umenyooka. Wiki ya pili nikampa sketi kumi na mbili za shule, za kahawia, apige pindo. Jioni nikizigeuza nakuta tatu zimepigwa uzi wa kijani kilichokoza. Nikamgombeza mbele ya wateja, nikamwambia hana makini. Kijana akaziokota, akaziinamia hadi karibu na uso, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, kwani hizi si sawa?"

Ukali ule najutia mpaka leo, kwa sababu swali lile nilikuwa nimelisikia utotoni. Marehemu baba yangu, kule Murang'a, hakuwahi kuchuma kahawa kwa jicho. Aliibonyeza kila tunda kwa kidole gumba, laini analichuma, gumu analiacha. Sisi tulidhani ndiyo mazoea yake. Matunda mekundu na mabichi, kwake, yalikuwa yakipotea pamoja katikati ya majani.

Jicho lina aina tatu za chembe zinazopokea rangi. Moja ikikosekana au ikifanya kazi tofauti, rangi fulani zinasogeleana: nyekundu, kijani na kahawia ndizo hugongana zaidi. Hali hiyo huitwa upofu wa rangi. Maelekezo ya chembe mbili kati ya hizo yako kwenye kifungu cha urithi kiitwacho kromosomu X, ambacho mtoto wa kiume hukipata kwa mama yake tu, na wa kike kwa wazazi wote wawili. Ndiyo maana mimi sikurithi macho ya baba, lakini dada yangu alibeba urithi huo bila kuona tofauti yoyote, akampa mwanawe. Kwa watu wa asili ya Ulaya Kaskazini, hali hii humpata karibu mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengi wao wanaitwa wazembe.

Ukimshuku mtoto, usimwonyeshe kitu ukamuuliza ni rangi gani. Ameshajifunza kwamba jani ni kijani na damu ni nyekundu, atakujibu sawasawa. Mwagia nyuzi mezani, mchanganyiko wa kijani, kahawia na nyekundu, umwambie apange zinazofanana. Fanyeni mchana, mlangoni, maana balbu ya kibandani humdanganya hata fundi mzoefu. Zikichanganyika, mpeleke kliniki ya macho. Wana kurasa za vidoti alizotunga daktari Mjapani, Ishihara, mwaka 1917: sisi tunaona namba, mwenzetu haoni kitu au anaona namba nyingine. Mpwa wangu kurasa nyingi zilimshinda. Nilipomtazama niliona amefarijika, kwa kuwa hatimaye jambo lile lilikuwa na jina.

Si yeye peke yake. Hata wenye macho mazima hutofautiana. Mwaka 2015 picha moja ya gauni ilizunguka dunia nzima, hawa wakiapa ni jeupe lenye dhahabu, wale ni buluu lenye nyeusi. Gauni lenyewe lilikuwa buluu na nyeusi. Ubongo wa kila mmoja ulikisia mwanga wa picha kwa namna yake. Tangu nilipoelewa hilo, sipokei kazi kwa picha ya simu. Mteja wa sare za harusi aniletee kipande cha kitambaa, tukitazame juani pamoja, tukikate nusu kwa nusu, kila mmoja abaki na chake.

Kibandani tumebandika karatasi kwenye kila uzi, jina la rangi kwa kalamu nyeusi. Buluu na manjano anachagua mwenyewe bila kuuliza. Kwa kahawia na kijani anasoma karatasi kwanza, halafu ananinyoshea uzi ng'ambo ya cherehani, nami naitikia kwa kichwa.