Bikoni imeangukia jikoni kwangu. Tuezeke au tusubiri?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Nala, njia ya kwenda Singida, nina watoto watatu. Zamani tulipanga chumba na sebule Chang'ombe. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kila tukikaribia kuifikisha, anapandisha. Mwaka 2021 tukaamua kutafuta cha kwetu. Mzee mmoja akatukatia kipande cha shamba lake, hatua thelathini kwa ishirini, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri. Tumejenga kwa tofali za kuchoma mpaka kwenye linta. Chumba kimoja tumekiezeka kwa bati kuukuu, ndimo tunamolala wote.

Mwezi uliopita walipita vijana wa upimaji na mashine yao, wakachimbia bikoni, zile alama zao za mipaka. Moja imeangukia ndani ya jiko langu la nje, hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Nikiuliza naambiwa nenda ofisini. Mume wangu ni fundi. Anasema zamu yangu ya upatu ikifika tununue bati, tumalizie haraka, maana nyumba iliyokamilika hawaibomoi. Majirani wanasema tuing'oe usiku. Mimi naogopa yote mawili. Nifanyeje?
Muuza chapati, Nala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa ya upatu usiitie kwenye bati. Nalitanguliza hilo kwa sababu fundi akishapanda juu na nyundo, kumshusha ni kazi.

Nilianza kushika mnyororo wa kupimia viwanja hapa Dodoma enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa mwaka 2017 kazi zake zikaenda manispaa, na mwaka uliofuata manispaa ikawa jiji. Kuna nyumba moja sijaisahau. Bati lake lilikuwa jipya, alama za chaki za fundi bado zinasomeka, na ukutani chini yake imepigwa X nyekundu. Mama mwenye nyumba alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa kuanzia asubuhi hadi tunaondoka, hasemi neno. Aliezeka kwa mawazo yale yale ya mumeo. Bati halizuii ramani, mwanangu, na likiwekwa baada ya mthamini kupita halihesabiwi kwenye fidia.

Kuhusu kung'oa: ni kosa kisheria, halafu haisaidii chochote. Vipimo vya ile bikoni wanavyo ofisini, mpimaji atairudisha palepale. Waambie majirani waache.

Bikoni yenyewe haisemi kwamba unavunjiwa. Inasema hapo ni kona ya kitu. Kitu gani? Inaweza kuwa mpaka wa kiwanja chako na cha jirani, inaweza kuwa barabara, inaweza kuwa eneo la wazi. Ifute vumbi usome namba iliyo juu yake, kisha zitafute zilizo karibu nayo, chora kwenye karatasi nyumba yako imekaa wapi katikati yao. Nenda nayo ofisi ya ardhi ya jiji, omba uoneshwe eneo lako kwenye mchoro wa mipango miji. Nala yenu sasa inagombewa, kuna kiwanda cha mbolea na kuna barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, kwa hiyo usibahatishe kwa maneno ya kijiweni.

Lakini kinachonikosesha usingizi si bikoni. Ni ile karatasi ya daftari. Mhuri wa mwenyekiti ni ushahidi kwamba mliuziana, si hati. Wapimaji wanapoorodhesha wenye maeneo, mara nyingi shamba zima huandikwa kwa jina la mwenye shamba wa asili, na siku ya viwanja au ya fidia linaloitwa ni jina lake. Hukuniambia kama mzee yu hai. Kama yupo, mwende wiki hii, wewe na mumeo, kwa adabu zote, mumwombe afike nanyi ofisi ya mtaa aseme mwenyewe kwamba kipande hiki aliwauzia. Aje na mkewe, maana shamba la familia mke asipoweka sahihi, mauziano yanaweza kupingwa kesho. Aje na mtoto wake mmoja mkubwa pia. Nimeona wazee wakifariki na watoto wakaapa kwamba hawajui mauziano yoyote. Kipande kiandikwe kwa majina yenu wawili, lako na la mumeo.

Wakikataa, anzia baraza la ardhi la kata. Tangu mwaka 2021 lenyewe linapatanisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ikiwa mchoro unaonesha barabara, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka ulipwe fidia kamili, ya haki na kwa haraka, na humo ndani kuna ardhi, nyumba, usumbufu na usafiri. Siku ya tathmini mthamini huwapiga picha wenye nyumba mbele ya nyumba zao. Siku hiyo chapati ziache, simama wewe. Soma fomu yote kabla ya kusaini.

Ikiwa ni mpaka tu, utahamisha mafiga hatua chache, na ile pesa ya upatu ianze na gharama za umilikishaji. Bati lifuate.

Mumeo kama mikono inamwasha, akipande kile chumba mnacholala, azibe matundu ya lile bati kuukuu. Desemba mvua zitakuwa zimeanza.