Nilipoiteketeza floti ndipo nikaijua hesabu ya bahati

Kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu kipo Mwanga, hapa Kigoma, hatua chache kutoka duka la kubeti. Sikulifuata mimi, lenyewe ndilo lililonikuta pale. Na sitaki kusema uongo: lilipofunguliwa, biashara yangu ilichangamka. Kijana anakuja kuweka elfu mbili kwenye simu, baada ya robo saa anarudi kuweka buku, jioni anapita mbali ili nisimwone. Wanaoweka nawaona wengi, wanaotoa nawahesabu kwa vidole.

Naandika leo kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alikuja na video kwenye simu. Jamaa mmoja anadai kuna kitendawili cha takwimu kinachoonyesha kwamba ukichanganya michezo miwili ya kupoteza unapata mchezo wa kushinda. "Dada, wewe si ulisoma EGM, uchumi, jiografia na hesabu? Hebu niambie kama ni kweli."

Ni kweli kabisa. Nitafika huko. Ila kwanza nisimulie nilivyoila floti yangu mwenyewe, ile pesa ya kuhudumia wateja, maana mshauri anayeficha aibu yake hata mimi simsikilizi.

Ilikuwa ruleti ya kwenye simu, nyekundu au nyeusi, na mimi nikajiona mjanja kwa mtindo wa kudabo. Unaweka 2,000 kwenye nyekundu. Ikitoka, umepata 2,000 na unaanza upya. Isipotoka, unaweka 4,000, kisha 8,000, hivyo hivyo mpaka nyekundu itoke, na siku ikitoka inakurudishia zote ulizopoteza na 2,000 juu. Ukiiandika kwenye karatasi huioni kasoro. Nilicheza misururu mitano kila jioni baada ya kufunga mahesabu. Elfu kumi kwa siku, siku ishirini mfululizo. Nikashona vitenge viwili. Nikaanza kuwaonea huruma wale vijana wa mikeka, wanaobashiri mechi nyingi kwa tiketi moja na zote lazima zitiki.

Siku ya ishirini na moja, msururu wa mwisho, nyekundu ikagoma mara saba. Hesabu mwenyewe: 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000, 128,000. Jumla 254,000. Dau la nane lilitakiwa kuwa 256,000 na floti iliyobaki haikufika. Kesho yake asubuhi mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi akaja na laki tatu mkononi, anataka kumtumia mwanawe aliyeko chuo. Nikamwambia mtandao unasumbua. Akakaa kwenye benchi langu kusubiri mtandao, karibu saa nzima, akinisimulia habari za huyo mtoto. Ile saa sijaisahau.

Nilichokifanya usiku ule ndicho nilipaswa kukifanya mwanzo: nilichukua kalamu. Ruleti ya mtindo wa Ulaya ina namba 37. Kumi na nane nyekundu, kumi na nane nyeusi, na sifuri moja ya kijani. Kwa hiyo nafasi ya kukosa nyekundu ni 19 katika 37, na kukosa mara saba mfululizo hutokea kama mara moja katika misururu 106. Inaonekana nadra, sivyo? Lakini mimi nilikuwa nimecheza misururu 105. Anayecheza idadi hiyo ana nafasi ya takriban asilimia 63 ya kukutana na huo msiba walau mara moja. Nilijiapiza kwamba nimelogwa, kumbe cha kushangaza kingekuwa kupona. Na misururu 104 niliyoshinda iliniletea 208,000 tu, ambazo nilishazivaa na kuzila.

Hapo ndipo vitendawili hivi vinaposaidia, kwa maoni yangu. Havikuonyeshi rangi itakayotoka. Vinakuonyesha kwamba kile unachokiita mkosi au nyota ni umbo la kawaida la mambo yasiyo na mpangilio, na umbo hilo halifanani na tunavyolifikiria.

Nilimjaribu mdogo wangu palepale dirishani. Nikampa karatasi: andika matokeo ya kurusha sarafu mara 100, ya kubuni, kama unavyodhani yatatokea. Akaandika Karume, simba, simba, Karume, mpaka mwisho, na hakuthubutu kuandika upande mmoja zaidi ya mara nne mfululizo. Kisha nikampa shilingi 200 airushe kweli. Alipofika katikati zikatoka simba saba bila Karume hata mmoja. Yeye ni Yanga, akaniambia sarafu ina hila. Haina. Ukirusha sarafu safi mara 100, nafasi ya kupata upande mmoja mara sita mfululizo au zaidi ni kama nane katika kumi. Msururu mrefu ni kawaida yake. Orodha isiyo nao ndiyo ya kutiliwa shaka.

Kwenye kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, mpira uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumwaga pesa kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, na wakaondoka mikono mitupu.

Sisi watu wa ziwa kosa hili tunalo kwa sababu nzuri, na hapa nadhani vitabu vya hesabu vinatuonea kidogo vinapotucheka. Mwezi ukipevuka, taa za wavuvi hazina nguvu tena ya kuvuta dagaa, mitumbwi inapumzika, na sisi wa biashara tunapumzika nayo. Giza likirudi, dagaa wanarudi. Baada ya siku mbaya kweli zinakuja siku nzuri, na mvuvi anayesema "zamu yetu inakaribia" anasema ukweli, kwa sababu ziwa lina mwezi na lina upepo. Mtu aliyelelewa na mahesabu hayo anakaa mbele ya ruleti anasubiri giza. Ruleti haina mwezi. Mzunguko wa nane haujui kwamba kulikuwa na wa saba.

Sasa mkeka, maana najua wengi wenu mko huko. Kilio ninachokisikia dirishani kila Jumapili ni kimoja: "Dada, timu moja tu imenichania!" Na anayekisema anakisema kwa matumaini, kama mtu aliyegonga mlango na kusikia sauti ndani. Tumpe timu kumi, kila moja ana uhakika nayo kwa asilimia 80, jambo ambalo kwa mpira wetu ni ukarimu mkubwa. Nafasi ya zote kumi kutiki ni kama 11 katika 100. Nafasi ya tisa kutiki na moja kuchana ni kama 27. Yaani kuchaniwa na timu moja kunatokea mara mbili na nusu zaidi ya kushinda. Ongeza timu ziwe kumi na tano: kushinda kunashuka hadi kama 3 au 4 katika 100, kuchaniwa na moja ni 13. Kadiri unavyorefusha mkeka ndivyo "nilikosa kidogo" inavyozidi kushinda "nimepata". Ulikuwa palepale hesabu ilipotaka uwe, hukuwa karibu na mlango wowote.

Na hapo sijagusa fungu la duka. Mechi yenye pande mbili zilizolingana ingelipa odi 2.00, yaani dau lako mara mbili, wao wanalipa labda 1.90. Shilingi tano katika kila mia, nani atalalamika? Lakini kwenye mkeka odi zinazidishana, na hizo tano nazo zinazidishana. Mechi kumi za namna hiyo, kila 1,000 unayoweka ina thamani ya kama 599 tu kabla mpira haujaanza. Kodi ya ushindi inakuja baadaye.

"Mbona fulani wa Gungu alipiga milioni?" Alipiga. Katika chumba chenye watu 23 tu, nafasi ya wawili kuzaliwa tarehe moja inazidi nusu, ingawa wewe ukiingia mle ukimtafuta wa tarehe yako huenda usimpate. Kumpata mtu fulani ni kugumu. Kumpata mtu yeyote ni rahisi. Wanaobeti ni wengi mno, lazima awepo wa kupigwa picha na hundi kubwa.

Turudi kwenye video. Kitendawili chenyewe ni cha Juan Parrondo, mwanafizikia wa Hispania, cha mwaka 1996. Mchezo wa kwanza ni sarafu mbovu kidogo: unashinda mara 495 katika 1,000. Mchezo wa pili una sarafu mbili. Pesa uliyonayo ikigawanyika kwa tatu bila baki, unarusha sarafu mbaya, inayokupa ushindi mara 95 tu katika 1,000. Isipogawanyika, unarusha nzuri, mara 745 katika 1,000. Kila mchezo ukiucheza peke yake unafilisika polepole. Ukiichanganya, hata kwa kubahatisha, pesa inapanda.

Nililala nalo siku mbili kabla halijaniingia. Siri iko kwenye ile tatu. Ungedhani sarafu mbaya itakuangukia theluthi moja ya mara, 33 katika 100. Lakini mchezo wa pili ukichezwa peke yake una tabia ya kukurudisha kwenye pesa inayogawanyika kwa tatu, kwa hiyo unairusha sarafu mbaya kama mara 38 katika 100, na hizo za ziada ndizo zinazokumaliza. Mchezo wa kwanza, ingawa nao unakula, unavuruga mwendo huo, unakusukuma nje ya shimo. Ni hesabu nzuri sana, na wanasayansi wanaitumia kwa mambo mengine.

Kubeti hakumo. Kitendawili kinafanya kazi kwa sababu kanuni za mchezo wa pili zinategemea kiasi ulicho nacho mfukoni. Mashujaa, timu yetu ya hapa, wakiingia uwanja wa Lake Tanganyika hawajui mfukoni mwako mna shilingi ngapi, na ruleti haijui. Michezo miwili isiyokujua, ikikula kila mmoja, itakula pia ikichanganywa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Nunua daftari la jero. Tarehe, ulichoweka, ulichotoa, basi. Usiandike timu, timu zinaleta visingizio. Pesa ya biashara ikae kwenye laini ambayo akaunti ya kubeti haiifikii. Mimi nilitenganisha siku ileile. Ukianza kukopa kwa ajili ya mkeka, mwambie mtu wa nyumbani kabla ya kulala. Mimi nilichelewa siku tatu kumwambia mume wangu. Hakugomba. Aliuza madumu mawili ya mawese aliyokuwa anayasubirisha bei, nikajaza floti, na mpaka leo bei ya mawese ikipanda ananitazama.

Mdogo wangu alisikiliza yote akiichezea ile shilingi 200. Kisha akauliza, "Sasa dada, timu tatu tu je? Zote za uhakika." Nikamhesabia: asilimia 80 kwa tatu, nafasi 51 katika 100, na mkeka wake ulikuwa unalipa 1.80. Kwa kila 1,000 inarudi wastani wa 920 na kidogo. Akanyamaza, akaikunjua noti yake ya elfu moja.

"Niwekee hiyo hiyo," akasema.

Nikamwekea, nikamsogezea na daftari aandike.