Kwa mnaoanza kupima majengo ya kale kwa 3D: mpimieni fundi

Vijana wengi mnaoingia kwenye hii kazi swali la kwanza ni skana gani au droni gani. Mi nawaambia anzeni na nani atatumia hicho mnachopima, maana modeli ya kuzungusha kwenye simu na mchoro wa fundi anayekwenda kuziba ufa ni vitu viwili tofauti, na ukipima kwa ajili ya fundi hiyo ya simu unaipata humo humo, ila ukipimia simu fundi hapati kitu.

Angalieni Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, jumba la Sultani Barghash la 1883, upande mmoja uliporomoka Desemba 25, 2020 na watu wakapoteza maisha. Jengo likishalala chini mafundi wanataka kujua nguzo ilisimama wapi, sakafu ilikuwa usawa gani, ukuta una unene gani. Picha nzuri haijibu hayo, vipimo ndo vinajibu.

Kasubi kule Uganda nayo inafundisha. CyArk, shirika linalohifadhi urithi kwa 3D, waliskani yale makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, 2009, Machi 2010 moto ukateketeza nyumba kuu. Umbo lilikuwa limeshahifadhiwa, alhamdulillahi, lakini leza ya skana inaona ngozi ya nje tu. Namna ya kufunga na kupanga nyasi za paa iko mikononi mwa watu wa ukoo wa Ngeye, ndo kazi yao ya kurithi. Kwa hiyo unapopima kaa na mafundi, rekodi sauti zao, piga video mikono yao ikifanya kazi, hiyo ni data kamili kabisa na mi naiweka mbele ya modeli.

Sasa saiti. Siku ya kwanza zunguka tu na daftari. Halafu weka kontroli pointi, yaani alama za kudumu ambazo vipimo vyote vinaegemea, kwa total stesheni, ile mashine ya kupima pembe na umbali, na uziweke kwenye ardhi imara, sio kwenye ukuta unaoshuku unasogea. Hapa ndo wengi wanaparuka na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Kilwa Kisiwani mawimbi yanakula ufukwe wenye magofu, yale magofu yalikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014, sasa mtu akija kupima tena baada ya miaka kumi atajuaje kama ukuta umeinama kama pointi zako hazipo? Bila kontroli una sanamu, huna kipimo.

Picha za fotogrametria, yaani za kutengenezea modeli ya 3D, ziingiliane asilimia 70 mpaka 80, na usipige jua la utosini kwenye kuta za matumbawe, vivuli vinakuwa vikali mno, subiri mawingu au asubuhi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinataka vituo vingi vya skana vya karibu karibu. Kibali cha droni kianze kufuatiliwa mapema sana, kabla hata hujapanga safari. Na ukiwa ndani acha mashine kidogo, gonga plasta ya chokaa kwa kidole usikie kama imeachia, kagua vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani maana unyevu unaanzia hapo, skana haitakwambia.

Majina jamani! Ukiwa Lamu usiandike chumba 1, chumba 2. Andika daka (baraza ya mlangoni), kiwanda (ua), msana (ukumbi unaotazama ua), ndani (chumba cha ndani), muulize mama mwenye nyumba anaitaje, kwa sababu hayo majina yanakwambia nani alikuwa anaruhusiwa kufika wapi, na modeli isiyo na hayo ni kuta tu.

Kwenye kuonyesha watu, sehemu uliyokisia ipe rangi yake. Husuni Kubwa, lile jumba la kale la Kilwa Kisiwani, paa zake nyingi hazipo, ukitaka kuweka kuba weka, ila mtazamaji aone wazi kwamba hapa ni kisio na hapa ni jiwe lenyewe.

Faili tunza kwa fomati ya wazi, isiyofungwa na programu ya kampuni moja, kama E57 kwa data za skana, nakala tatu, moja iwe mbali na ofisi. Nakala nyingine iende kwa walinzi wa eneo pamoja na michoro iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa yenye skeli, maana intaneti kisiwani inasumbua na fundi akipanda ngazi hapandi na laptopu.